Ubani Uliofika Mkavu

Mama mkwe wangu alinusa kinu changu. Nilimwona kwa macho yangu, nikiwa nyuma ya mlango wa jikoni: ameinama, kichwa kimezama kinuni, anavuta pumzi kama mwenye mafua. Kisha akauchukua mchi, akaunusa ncha hii na ncha ile, akauegemeza pale pale alipoukuta, akatoka kwenda kuketi barazani kama vile hakuna lililotokea.

Mimi nami sikusema kitu. Ndivyo nilivyo tangu utotoni: naona, nanyamaza, naweka. Mume wangu alikuwa akisema kwamba mimi na mama yake tumefanana kwa kila kitu isipokuwa sura, na kwamba siku tutakayoaminiana yeye atachinja mbuzi. Alikuwa akicheka anaposema hivyo. Sisi hatukucheka.

Hayo yalikuwa Bagamoyo, miaka ya sabini ilipokuwa bado michanga. Mimi nilizaliwa Vigwaza, Mkwere kwa baba na mama, na nilikuwa katika mwaka wa pili wa ndoa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Siku lori lake lilipochemka kijijini kwetu ni mimi niliyempa maji ya rejeta, na haukupita muda akarudi na wazee wake kuniposa. Mama yake alikuwa mjane, wa ukoo wa mabaharia na wafanyabiashara wa mjini kabisa, kwenye nyumba za mawe zenye milango ya nakshi. Kutoka Vigwaza hadi Bagamoyo si safari ya kuagana kwa machozi, lakini kwake yeye mimi nilikuwa mtu wa bara, na mtu wa bara haijulikani amekuja na nini kwenye mzigo wake.

Sasa nieleze habari ya nailoni, maana bila nailoni hakuna kisa.

Siku zile mfuko wa nailoni ulikuwa kitu cha kuringia. Sokoni tulikwenda na vikapu vya ukindu, nyama ilifungwa kwenye gazeti, samaki walitungwa kwenye kamba ya ukili. Mume wangu alipotuletea mifuko ya kwanza kutoka Dar es Salaam, mashati yakiwa ndani, mama yake aliifurahia mifuko kuliko mashati. Aliifua kwa sabuni, akaianika kwenye kamba pamoja na kanga, akaikunja na kuilaza chini ya godoro lake. Mgeni alipewa kahawa; mgeni aliyependwa alipewa kahawa na mfuko. Baada ya muda kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na mifuko yake inapepea uani, na mifuko ikizeeka, ikitoboka, ilikwenda kule kulikokwenda kila kitu kilichozeeka, yaani pwani.

Pwani ndiyo iliyokuwa jaa letu. Maganda ya nazi, majivu, miiba ya samaki, kandambili zilizokatika, vyote alivyobeba mwanamke kwenye kapu asubuhi vilimwagwa chini ya ukingo, na maji yakijaa yalivichukua. Ilikuwa hivyo tangu enzi za mababu zao, na kweli yalichukua, kwa kuwa karibu kila walichotupa wazee wale kilioza au kililiwa. Mimi niliyetoka mahali ambapo takataka ukiitupa leo kesho unaiona tena, niliuliza siku moja inakwenda wapi. Mama mkwe akanitazama kwa huruma.

"Bahari yote hii, mwanangu, itashindwa na kimfuko?"

Lakini nilikuwa nimeanza kuiona mifuko ile ikirudi. Ilirudi imenasa kwenye mikoko, imejikunja mwanini, mingine inaelea chini kidogo ya maji. Asubuhi moja tulikwenda kutanda uduvi, wanawake tumeshika shuka kwenye ncha zake, maji kiunoni, tunaiburura polepole. Kitu cheupe, laini, kikaja kikiyumbayumba kuelekea paja langu. Nikapiga ukelele, nikaiachia shuka, uduvi wote ukaenda zake. Nilidhani ni konyeza, yule mnyama wa baharini aliye kama uji wa wanga, anayewasha kuliko upupu. Jirani yetu, mwanamke mwenye sauti ya kuuza, akatia mkono akakiinua: mfuko wa nailoni. Walinicheka hadi tunafika nyumbani. Nilichukia sana, na hilo nalo nikaliweka.

Kasa wa kwanza aliokotwa na wavuvi mchangani, amelala kifudifudi, hana jeraha, hana alama ya mkuki wala ya wavu. Wa pili akaja siku si nyingi baadaye, naye vile vile, mzima wa nje na mfu. Mji ukaanza kunong'ona. Kasa ni mnyama wa umri mrefu, walisema, hafi hovyo hovyo. Ikatafutwa sababu, na wanaotafuta sababu humtazama kwanza aliyekuja mwisho.

Neno lililoanza kupita barazani lilikuwa utupa. Huo ni mmea. Majani yake yakitwangwa na kutiwa kwenye dimbwi, samaki hulewa wakaelea, ukawaokota kwa mikono. Kwetu, karibu na Ruvu, kila mtoto anaujua, na mimi niliutwanga sana wakati wa kiangazi mabwawa yanapopungua. Sikuwahi kuficha. Nilikuwa nimeyasimulia hayo mwenyewe, nilipokuwa bibi harusi mpya, nikidhani nachangamsha mazungumzo. Kumbe nilikuwa nawawekea akiba.

Ndipo mama mkwe akakinusa kinu.

Ikaingia Ramadhani. Ilikuwa desturi ya mtaa wetu kupelekeana futari; sahani inakwenda na muhogo wa nazi, inarudi na tambi au mkate wa kumimina, hairudi tupu. Sahani yangu niliyompelekea yule jirani mwenye sauti ilirudi kabla ya adhana, kitambaa kimefungwa kwa fundo langu mwenyewe, muhogo haujaguswa. "Amesema leo watoto hawana hamu," akaniambia mama mkwe, aliyeipokea mlangoni. Hakunitazama usoni. Niliula muhogo ule peke yangu, wote, kwa hasira, na tumbo likanisumbua hadi daku.

Katika siku hizo hizo niliikuta kanga yangu ya pindo jekundu imekatwa kipande pembeni. Kipande kidogo, cha kutosha kufunga kidole. Nilipouliza, mama mkwe alisema ni panya. Nikautazama mkato: umenyooka kama rula. Panya wa Bagamoyo wana mikasi? Sikumuuliza hivyo, lakini kuanzia siku ile nilianua nguo zangu zikiwa mbichi, na nywele za kichanani nilizichoma moto mwenyewe. Mtu hachukui kipande cha nguo yako bila kazi, pwani na bara hilo tunalijua sote.

Mume wangu aliporudi kutoka Chalinze mama yake alimwita chumbani. Nilikuwa ukumbini napepeta mchele, na nilipepeta bila kutoa sauti.

"Mimi sisemi ni yeye," nilimsikia. "Nasema watu wanasema. Akifa kasa mwingine na ikathibitika ni sumu, mrudishe kwao, baba, kabla mji haujatutenga."

"Mama, acha hayo."

"Nimekuuliza au nimekwambia?"

Nilingoja ajibu, ungo umesimama mikononi, na hakujibu. Nilimpenda mume wangu. Nilimpenda hadi nilikuwa nikitambua mlio wa lori lake likiwa bado njia ya Mapinga, au nilijidai hivyo, na wazo la kurudi Vigwaza na mkeka kichwani, watu wakiuliza amefanya nini huyu, lilinikosesha usingizi. Usiku ule yeye alilala mara moja. Kesho yake akaondoka na lori.

Kasa wa tatu hakuja mfu. Wavuvi walimkuta anaelea karibu na ufuko, anapiga makasia hewani, anataka kuzama hawezi, mgongo wote uko juu ya maji. Wakamburuta nchi kavu. Wako waliosema nyama yake si halali, na wako waliokuwa wakiila siku zote bila kuuliza. Ila wote walijua kwamba nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu ya kuua nyumba nzima, na kwa kuitazama huwezi kujua. Kwa hiyo kulikuwa na desturi: akichinjwa, kwanza kipande cha ini hutupiwa kunguru. Kunguru wakila, watu wanakula. Wakikataa, mzoga unarudishwa baharini.

Safari hii hakuna aliyetaka nyama. Yule jirani aliita mlango hadi mlango kwamba leo kunguru watasema. Mama mkwe akajitanda buibui, akanishika kifundo cha mkono, tukashuka pwani. Alinishika kwa nguvu. Sikujua kama ananizuia nisikimbie au anajizuia yeye asianguke.

Watu walikuwa wengi, wamesimama nusu duara. Mvuvi aliyezoea kazi hiyo akachinja, akakata ini, akalitupa juu ya jiwe. Kunguru walikuwa ukutani kwa nyumba iliyobomoka. Wakatua. Mmoja akalizunguka ini kwa mwendo wake ule wa kuchechemea, akalichukua, akalidondosha. Nikasikia mtu anavuta pumzi nyuma yangu. Sijawahi kumwomba ndege kitu maishani mwangu, lakini pale nilimwomba yule kunguru, kwa Kikwere na kwa Kiswahili. Akalichukua tena. Mwenzake akaja akalivuta upande wa pili, wakapigania, na wengine wakashuka, na jiwe likabaki limelowa tu.

"Alhamdulillahi," nilisema kwa sauti.

"Kunguru wa siku hizi wanakula hata sabuni," akasema jirani.

Mvuvi hakutusikiliza. Yeye alitaka kujua kilichomfanya kasa aelee, akapasua tumbo. Akaingiza mkono, akavuta, na kile alichokivuta kikawa hakiishi. Ilikuwa nailoni. Mfuko juu ya mfuko, imesokotana kama utumbo mwingine ndani ya utumbo, na vipande vya kamba ya wavu, na ukanda wa kandambili. Aliikunjua mmoja mmoja mchangani. Mmoja ulikuwa na tundu lililoungua pembeni, na wanawake wawili wakamtazama yule jirani kwa pamoja, maana wote tuliujua mfuko wake ulioungua kwa kibatari. Jirani akatazama baharini.

"Huyu chakula chake ni konyeza," akasema mvuvi. "Amedhani anakula konyeza."

"Hata mimi nilidhani konyeza," nikasema. Safari hii hawakucheka.

Laiti ingekwisha hapo. Mvuvi akatia mkono tena, akatoa mfuko mmoja zaidi, huu umefungwa. Ulikuwa mfuko mzuri, wa kung'aa, umekunjwa mara nyingi na kukazwa kwa uzi mweusi. Akaukata uzi. Ndani mlikuwa na ubani, na kipande cha mkate, na kipande cha kanga chenye pindo jekundu. Na vyote vilikuwa vikavu. Vilikaa baharini, vikakaa tumboni mwa mnyama, vikatoka vikavu kama vilivyotoka kabatini. Hilo ndilo lililowatisha watu. Nusu duara ikarudi nyuma.

"Kanga ya Mkwere hiyo!" jirani akapaza sauti. "Ya pindo jekundu, ninamjua nayo. Si utupa basi, ni uchawi! Anawalisha kasa uchawi!"

Ningesema nini? Kanga ilikuwa yangu. Nilielewa papo hapo mkasi ulikuwa wa nani na mfuko ulitoka chini ya godoro la nani, nikageuka nikamtazama mama mkwe, bado kanishika mkono. Nilijua atanyamaza. Yeye na mimi si tumefanana? Angenyamaza tu kidogo, na mji ungemfanyia kazi yake, na mwanawe angerudi akute chumba kimefagiliwa. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kufunga mizigo.

"Ni langu," akasema mama mkwe.

Watu hawakuelewa. Akasema tena, kwa sauti aliyoitumia kuita watoto waje kula. "Hilo ni kafara langu. Nguo nimeikata mimi, ubani nimetia mimi, nimelitupa mimi kwa mkono wangu. Mwacheni mtoto wa watu."

Kafara la pwani si jambo geni. Mwenye shida alifunga ubani na kitu cha kula, akaongeza kitu cha yule anayeombewa, akavitupa maji yakianza kutoka. Zamani walifunga kwa jani la mgomba. Mvuvi, ambaye alionekana kushangaa kuliko kukasirika, akamuuliza, "Sasa bi mkubwa, kwa nini nailoni?"

Mama mkwe akatazama mchanga. "Jani linafunguka kabla halijafika mbali," akasema. "Nilitaka lifike kavu."

Alikuwa ametoa mfuko wake bora kuliko yote. Mimi nilisimama pale, tumbo la kasa liko wazi mbele yetu, nzi wameshaanza, na badala ya kumshukuru nilijiuliza swali moja tu: aliomba nini?

Kwa sababu kanga ya mtu hutiwa kwenye kafara la kumleta mtu, na hutiwa pia kwenye lile la kumwondoa. Tulipofika nyumbani nilimuuliza. Akasema aliomba mjukuu. Nikamwambia ahsante mama, na sikuamini hata kidogo. Anayetaka mjukuu kutoka kwangu ananusaje kinu changu? Anamwambiaje mwanawe anirudishe? Labda aliomba niondoke, kisha pale pwani akaogopa, au akaona haya. Nilimchunguza akila, nilimchunguza akisali. Yeye naye aliona namchunguza.

Shaka ya mtaa ikahamia kwake. Sasa sahani zilizorudi hazijaguswa zilikuwa zake, yeye aliyezaliwa mtaa ule, na wanawake walivuka upande wa pili wakimwona anakuja. Hakulalamika. Marehemu mumewe angekuwa hai wasingethubutu, alisema mara moja tu, akiwa anachambua mchele. Mume wangu aliporudi akasimuliwa, akacheka, kisha akatutazama sote wawili, akaacha kucheka. Mbuzi hakuchinjwa. Mifuko mama mkwe aliitoa chini ya godoro akaichoma moto uani, moshi mweusi, unanuka vibaya, tukakohoa siku nzima. Majirani waliona moshi wakasema ndiyo hayo mambo yake.

Asubuhi moja akaja mlangoni pangu na jani la mgomba mkononi, limepashwa moto likalainika. "Vaa, twende," akasema. "Na ukate mwenyewe nguo, safari hii."

Nilikata kipande kidogo kuliko kile alichokata yeye. Tukashuka pwani maji yakiwa yanatoka. Njiani aliinama akaokota mifuko iliyonasa kwenye magugu ya ufukweni, akaichomeka kwenye mkunjo wa kanga yake kiunoni, hadi akawa anachakarisha akitembea. Nilisimama nyuma yake kwa mbali, kwa kuwa anayeombewa hatakiwi kuwa karibu, na maneno ya kafara hayasemwi kwa sauti. Husemwa moyoni, mtu kaipa bahari mgongo. Yakisikiwa, walisema, nguvu yake inakwisha. Hilo hata mimi wa Vigwaza nilikuwa nimeshafunzwa.

Akanigeukia. "Sogea."

"Mama, si haifai?"

"Nimekwambia sogea."

Nikasogea hadi bega langu likagusa lake. Akalishika jani kwa mikono miwili, akasema kwa sauti, kama anasoma barazani: "Ya Rabi, huyu ni mkaza mwanangu. Sikukuomba umwondoe na leo sikuombi. Mpe mtoto. Na asipopata mtoto, na akae hivyo hivyo."

Akalitupa. Jani likafunguka hata kabla halijalowa sawasawa, mkate ukaelea, ubani ukazama.

Nikamwambia sikusikia vizuri, mawimbi yana kelele. Nilikuwa nimesikia kila neno. Nilitaka kuona kama atarudia yale yale. Mama mkwe akanitazama kwa pembe ya jicho, akajua ninachofanya, na akarudia, neno kwa neno, kwa sauti kubwa zaidi.